Jezi Isiyo na Namba

Siku ya kufua, mtaa mzima ulijua timu ilivyocheza. Bukta zikiwa zimejaa tope kwa nyuma, basi washambuliaji walijiangusha sana kutafuta penalti. Soksi zikiwa zimetoboka, mabeki walikimbizwa mpaka wakajuta. Vyote hivyo vilining'inia kwenye kamba za Mama Jezi, kutoka dirisha la jikoni hadi ukuta wa bafu, na wapita njia walisimama kuvichambua.

"Mama Jezi, hii namba sita mbona safi hivi? Mwenyewe alicheza au alikwenda kupunga upepo?"

"Muulize kocha," alikuwa akijibu, mikono imejaa povu. "Mimi nafua, sipangi timu."

Huyu alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Yaliyomkuta sikuyasikia kwa watu wa mbali, na anayedhani ni porojo aende kwenye ule uwanja wa zamani, chumba bado kipo. Kazi yake ilikuwa kufua, kushona palipochanika, kubeba begi la vifaa na kushika ufunguo wa chumba cha kubadilishia nguo. Klabu yenyewe ilikuwa daraja la pili, lile daraja ambalo wachezaji wanalala wanne chumba kimoja na gari la timu linasukumwa na mashabiki wake. Lakini mashabiki, jamani, walikuwepo! Kila mtaa una tawi, kila tawi lina mwenyekiti, katibu na bendera, na kila mwenyekiti anajua kupanga kikosi kuliko kocha. Timu ikifungwa, vinyozi walikuwa hawanyoi vizuri wiki nzima.

Kipa wa timu alikuwa mwanawe wa pekee. Walimwita Sumaku, kwa sababu mpira ukifika mikononi mwake haubanduki. Baba yake alishafariki, wamebaki wawili, na kijana alikuwa na mdomo usiojua likizo. Akiwa golini anawagombeza mabeki kutoka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Akimwona mama yake amesimama nyuma ya nyavu na begi lake, anageuka na kumpigia kelele, "Mama Jezi, leo sichafui kitu!" Kisha anajirusha kwenye tope la kwanza analoliona. Watu wa ligi kuu walishaanza kuja kumtazama. Timu ikipanda daraja, naye anapanda, na mama mtu hakuwa na ombi jingine duniani.

Sasa, kila klabu ina kamati ya ufundi. Jina lisikudanganye. Kwenye kamati ile hakuna aliyewahi kufundisha mpira, wala fundi wa kitu chochote. Ukiwapa bisibisi wanauliza upande wa kushikia. Kazi yao ilikuwa ya upande wa pili. Wao ndio wanaoamua gari la timu liingie uwanjani kinyumenyume. Wao ndio wanaosema leo hakuna kupita getini, rukeni ukuta. Wao ndio wanaokataza timu kuingia chumbani wakati wa mapumziko, wachezaji wakae katikati ya uwanja, juani, wananyweshwa maji kama mbuzi wa mnadani. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa cheza mpira, mengine tuachie.

Mkubwa wao tulimwita Mzee wa Kamati. Alikuwa muuza matairi, mpole, asiyepandisha sauti hata akiibiwa. Mchana mmoja, msimu ukiwa umefika katikati na timu iko mkiani, alimkuta Mama Jezi uani na kumpa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na jezi moja. Rangi ya majivu, ya zamani, nzito kuliko inavyoonekana. Mama Jezi akaigeuza kama mtu wa kazi yake anavyogeuza jezi, akatafuta namba mgongoni. Hakuna. Wala alama ya namba iliyobanduliwa.

"Ya nani hii?"

"Haina mwenyewe," Mzee akasema. "Na ndivyo ibaki. Siku ya mechi ya nyumbani itundike chumbani, msumari wa mwisho. Timu ikitoka, funga mlango. Mechi ikiisha, iteremshe wewe mwenyewe, uniletee. Usiifue. Na ikishatundikwa, isiteremshwe kabla ya filimbi ya mwisho."

"Na kama sitaki?"

Mzee akatabasamu, tena kwa upole tu. "Mama, kipa anapangwa na kocha. Kocha tunampanga sisi."

Angefanya nini? Alichukua.

Mechi ya kwanza walishinda, wao ambao walishasahau kushinda kunafananaje. Watu walipokuwa wakirukaruka nje, Mama Jezi alifungua kile chumba, akaenda hadi msumari wa mwisho, akanyoosha mkono. Akaurudisha upesi. Jezi ilikuwa imelowa. Si kulowa kwa maji. Ilikuwa imelowa makwapani, kifuani na mgongoni, vile jezi inavyolowa ikivaliwa na mtu akakimbia. Kwenye kiwiko kulikuwa na nyasi mbichi.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake tangu timu ilipotoka.

Alimpelekea Mzee. Mzee akapokea kwa ncha za vidole, akasema asante, akaondoka. Mechi iliyofuata ya nyumbani wakashinda tena, jezi ikalowa tena. Wakaendelea hivyo hivyo, timu ikapanda kwenye msimamo mpaka redio ikaanza kutaja jina lake. Matawi yakafufuka. Waliokuwa wamechoma kadi za uanachama wakaja kuomba nyingine kwa aibu. Na kila mechi, Mama Jezi aliteremsha lile vazi la moto, akijiambia ni unyevu wa ukuta. Ukuta gani unatoa jasho la mtu?

Kisha ikaja siku ya kuhesabu. Kipindi cha pili, nahodha wa wageni alimkimbilia mwamuzi akiwa amekasirika kama amepigwa kofi. "Wako kumi na wawili! Hesabu!" Mashabiki wakamzomea. Mwamuzi akasimamisha mpira, akapita kwa kila mchezaji, akihesabu kwa kidole. Kumi na mmoja. Akarudia, kumi na mmoja. Akamwita mshika kibendera ahakikishe. Yule bwana alianza kuhesabu vizuri tu, kidole kikitembea kutoka kwa kipa hadi kwa mabeki. Halafu kidole kikasimama. Kilikuwa kimeelekea mahali penye nyasi tupu, mbele kidogo ya goli la Sumaku. Kibendera kikamdondoka. Alipoulizwa amepata wangapi, alisema, "Sijui." Alimaliza mechi akiwa ameegemea ubao wa matangazo, na hakushika tena kibendera maishani mwake.

Jioni hiyo Sumaku alikula kidogo, akasukuma sahani.

"Mama, kuna mtu anakaba mbele yangu."

"Mabeki wako hao."

"Nawajua mabeki wangu. Huyu nikimpigia kelele hageuki. Namwona mgongo tu. Mgongo hauna namba." Akashusha sauti, yeye asiyejua kushusha sauti. "Siku akigeuka, mama, mimi naacha mpira."

Mama Jezi alitaka kumwambia kila kitu pale pale. Lakini ilikuwa imebaki mechi moja tu ya nyumbani, wakishinda au hata wakitoka sare wamepanda, na kijana anauacha uwanja ule na uchafu wake wote. Mechi moja tu, alijiambia. Nani asingejiambia hivyo?

Siku yenyewe uwanja ulijaa tangu asubuhi. Watu walikaa juu ya kuta, juu ya magari, juu ya mabega ya watu wasiowajua. Mama Jezi alipanga jezi kwenye misumari kwa utaratibu wake, na mwisho akaitundika ile ya majivu. Akawa anakunja taulo, mlango ukafunguliwa.

Alikuwa kamishna wa mechi, mtu wa shirikisho, kitambulisho shingoni na sura ya mtu asiyecheka kazini. Kazi yake kukagua. Alipima rangi za jezi zisigongane na za wageni, akatazama viatu, akafika msumari wa mwisho.

"Hii?"

"Ya akiba, mheshimiwa."

"Ya nani? Kila jezi iliyomo humu lazima iwe na namba ya mchezaji aliyesajiliwa. Hii haina. Naichukua."

Akanyoosha mkono kuiteremsha.

Mama Jezi hakufikiri. Masikio yake yalisikia onyo la Mzee, isiteremshwe, isiteremshwe, na mdomo ukasema wenyewe, "Ni ya kipa! Ya akiba ya kipa. Namba ilibanduka kwenye kufua, naishona sasa hivi."

Uongo mdogo wa kazini. Mtunza vifaa gani hajausema? Tena ulimkalia vizuri, maana kipa huchana jezi kwa kujirusha, na kwenye kopo lake la sindano hakukosa kitambaa cha namba moja cha akiba. Kamishna akafunga mikono kifuani. "Shona nikuone."

Akashona. Ikiwa pale pale msumarini, bila kuiteremsha. Moja nyeupe, katikati ya mgongo, mishono ya haraka. Kitambaa kilikuwa kikavu na cha baridi, ila alipokata uzi kwa meno alihisi kama mgongo ule umevuta pumzi. Kamishna akatikisa kichwa, akaridhika, akaamuru chumba kifungwe mara timu itakapotoka. Mama Jezi alinuia kuibandua namba akishaondoka. Lakini wachezaji waliingia kwa kelele, wakavaa, wakaimba, wakatoka, na kamishna akabaki amesimama mlangoni mpaka ufunguo ulipozungushwa.

Ni kitambaa tu, alijiambia. Akaenda kusimama nyuma ya goli la mwanawe.

Mwanzoni alifurahi. Sumaku aliokoa shuti la kwanza bila shida. La pili aliokoa kwa mkono mmoja. La tatu, dakika za mwisho na mechi bado sare, lilipigwa karibu mno, hakuna kipa ambaye angelifikia, na yeye alilifikia. Uwanja ukalipuka. Mama Jezi naye alipiga vigelegele, halafu akasita katikati. Kulikuwa na kitu kimepungua. Alitega sikio. Beki mmoja alikosea, akaacha nafasi kubwa ya wazi, na hakuna aliyemgombeza.

Sumaku alikuwa kimya.

"Sumaku!" aliita. Hakugeuka. Akapiga kelele zaidi, "Sumaku! Mwanangu!"

Kipa akageuza kichwa, taratibu. Macho yalikuwa ya Sumaku, pua ya Sumaku, kovu la kidevuni la Sumaku. Yalimtazama Mama Jezi kama unavyomtazama mtu usiyemjua kwenye foleni. Kisha yakarudi kwenye mpira. Jua lilikuwa kali, wenzake wote wanatiririka jasho. Uso ule ulikuwa mkavu.

Namba. Ee Mungu, namba!

Alikimbia. Kwenye ushoroba viatu vilimvuka, hakuviokota. Alipofika mlangoni alisikia kitu kwa ndani. Mtu anagonga. Si kwa nguvu, ni kwa viganja vya mtu aliyegonga mpaka amechoka. Ufunguo ulimponyoka, akauokota, ukakataa kuingia, ukaingia.

Mwanawe alikuwa amejikunja chini ya msumari wa mwisho, kwenye benchi. Kifua wazi. Glovu mkononi. Jasho lilikuwa likimtoka kama ametoka kuogelea, likidondoka kutoka puani, kutoka kwenye viwiko. Alikuwa anahema. Juu yake ile jezi ilikuwa inatikisika, ikinyooka, ikijipinda, na hakukuwa na upepo.

"Mama," alinong'ona. "Nimegonga sana."

"Niko hapa. Niko hapa, baba."

"Nani yuko golini?"

Alipanda juu ya benchi, akashika jezi, ikawa ya moto. Akatafuta mshono kwa kucha. Mishono yake mwenyewe, ya haraka, ilikuwa imekaza kama imeshonwa na cherehani. Akatumia meno. Uzi wa kwanza ukakatika. Wa pili.

"Unafanya nini?"

Mzee wa Kamati alikuwa mlangoni. Alimwona akikimbia, akamfuata. Macho yake yalipita juu ya Sumaku bila kusimama, yakatua kwenye mgongo wa jezi. Hapo yule mtu mpole akageuka rangi.

"Nani kashona namba?"

"Mimi. Kamishna alitaka kuichukua. Nilisema ni ya kipa."

"Ulisema." Mzee akashika ukuta. "Ulisema kwa mdomo wako? Umeipa mwenyewe."

"Mwanangu huyu hapa! Humwoni? Huyu hapa!"

Mzee alitazama benchi. Hakuona mtu. Aliona maji yakidondoka kutoka hewani, yakitapakaa sakafuni. Alirudi nyuma hatua moja. Ndipo nje uwanja wote ukaguna kwa pamoja, watu maelfu, kisha kimya.

"Penalti," Mzee akanong'ona. "Wamepewa penalti."

Mzee akaruka, akamshika mkono.

"Usiibandue," akasema. "Ukiibandua sasa golini patabaki patupu. Subiri. Ni mpira mmoja tu."

"Niachie."

"Watu wote hawa, mama. Subiri kidogo tu."

"Niachie mkono wangu!"

Alimng'ata. Damu ya yule mzee ilikuwa mdomoni mwake na aliendelea kung'ata, sasa uzi. Mshono mmoja. Mwingine. Kitambaa kikaanza kuning'inia. Chini yake Sumaku alishika pindo la gauni lake, kama alivyokuwa akilishika alipokuwa mdogo wakivuka barabara.

"Haraka, mama. Nasikia baridi."

Nje, mtu alipiga mpira. Mlio ulisikika hadi ndani.

Kelele zilizofuata zilitikisa bati. Ameokoa. Ameokoa! Na juu ya kelele, filimbi. Ndefu. Ya mwisho.

Uzi ukakatika. Lakini filimbi ilikuwa imetangulia.

Alibaki amesimama juu ya benchi, namba moja mkononi, jezi imelegea msumarini, haitikisiki tena. Gauni lake lilikuwa jepesi. Hakuna aliyelishika. Kwenye pindo kulikuwa na alama ya glovu, mbichi. Aliita jina la mwanawe lile alilompa yeye, si la uwanjani, akaliita mpaka sauti ikakauka. Mzee wa Kamati alikuwa amekaa sakafuni mlangoni, analia kama mtoto, na kilio chake hakikumsaidia mtu.

Nje walikuwa wamembeba kipa wao mabegani. Walimrusha juu, wakamdaka, wakamrusha tena. Mmoja wa waliombeba, kijana wa tawi la mtaani kwetu, alisema baadaye kwamba alikuwa mwepesi mno, na kwamba jezi yake ilinukia sabuni, kama imetoka kuanuliwa.

Yule kipa alirudi nyumbani na Mama Jezi, maana angerudi wapi kwingine? Alikaa pale mpaka klabu ya ligi kuu ilipomchukua. Hakuwa na ubaya wowote. Alisalimia vizuri, kuliko hata Sumaku mwenyewe. Alikula alichopewa, akalala alipoonyeshwa, akamwita Mama Jezi "mama" vile unavyomwita mama yeyote wa njiani. Sisi majirani tulimpongeza Mama Jezi kwa kupata mtoto aliyetulia. Mungu atusamehe, tulimpongeza. Yeye alitutazama tu, na macho yake yalikuwa yamevimba.

Siku hizi yule kipa mnamsikia redioni. Hafungwi ovyo, hagombezi mtu, hajawahi kuumia. Timu nayo ilihamia uwanja mpya wenye viti, ule wa zamani ukaachwa ukaota majani. Mzee wa Kamati aliuza duka na kuhama, hakuaga.

Mama Jezi hakukubali kuhamia uwanja mpya. Aliomba aachiwe ufunguo wa kile chumba, na kwa kuwa hakuna aliyekihitaji, wakamwachia. Siku ya mechi huwasha redio ndogo, akaiweka dirishani, akatandika taulo kavu kwenye benchi la mwisho. Kisha anakaa benchi la pili yake, mikono mapajani, anasikiliza. Mtangazaji anapaza sauti, kipa amekwenda kulia, ameupangua, kona. Na taulo linaanza kubonyea katikati.

Jirani mmoja aliyemfuata siku moja amtoe mle ndani alirudi peke yake. Anasema filimbi ya mwisho ilipolia, Mama Jezi aliinua lile taulo kwa mikono miwili, akalikamua, na maji yakajaza nusu ndoo. Akampa alishike. Lilikuwa la moto. Lilikuwa na harufu ya kijana aliyetoka kucheza. Kisha akatandika jingine, akalinyoosha pembe kwa pembe, akaegesha mlango bila kuufunga.

"Bado ana mechi Jumatano," alisema.